Rangi ya Ndara

Benchi letu liko Kibokoni, mbele ya karakana ya Sheikhan seremala, na lina mguu mmoja mfupi tangu siku lilipotengenezwa. Fundi mwenyewe hulikalia kila alasiri, limyumbishe litakavyo, na hata siku moja hajaona haya. Twamwita Spika, kwa kuwa hapo hapana asemaye mpaka yeye ampe nafasi, na akishampa humpokonya. Kulia kwake huketi Menza, karani wa kuhesabu shehena bandarini. Huyo ni Winchi, kwa sauti yake kama mashine ya kupandishia shehena. Kushoto huketi Kingi, mwalimu kule Tononoka, jina lake la benchini ni Muhtasari, na akikwambia "kwa ufupi" tafuta ukuta uegemee. Gharib muuza kahawa hutua dele, birika lake la shaba, mbele yetu, avunje kashata vipande, asikilize. Na mwisho wa benchi, upande unaoyumba, niko mimi Kazungu. Nasoma prufu, kutoa makosa kabla ya kuchapa, katika kiwanda kidogo cha uchapaji mtaa wa pili, kwa hivyo mimi ni Prufu.

Hayo wanayajua wote. Wasilolijua ni kwamba alasiri hiyo ya Jumatano, mwaka wa tisini na tatu, nilikuwa na barua katika mfuko wa shati, na barua hiyo ilikuwa ikinifanya niketi kama sharifu.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliopita niliandika kisa cha ukurasa mmoja, nikajipa jina la Mpitanjia, nikakipeleka Nairobi kwa jarida la Lango la Fikra, lile linalotoka kila baada ya miezi mitatu. Wakakichapa. Halafu toleo jipya likatoka, kisa kimechapwa tena humo, na daktari mzima wa fasihi kaandika kurasa sita juu ya ukurasa wangu mmoja! Ndipo mhariri akaniletea barua. Wanataka kutoa jina langu la kweli, na picha yangu, na kunialika kwenye kongamano nikae meza ya mbele na maji ya chupa. Sharti ni moja tu. Wasomaji wamegawanyika, kwa hivyo niandike kwa mkono wangu, barua iwafikie kabla ya wiki ijayo kwisha, niseme ndara zilizo katika kisa maana yake ni nini.

Maana yake! Mie sikuwa na maana. Ndara zile ni za mke wangu Kache. Ziko mlangoni kwangu Majengo, nikaziandika kama zilivyo. Lakini nani atamwalika mtu kwenye kongamano kwa ndara za mkewe? Basi nikatia penseli mfukoni, nikaja benchini kuchuma maana. Nilijua zitapatikana. Benchi letu halijapata kushindwa na kitu.

– Nawaletea kitu, akaanza Muhtasari, akilitoa jarida mkobani kwa vidole viwili, maana yeye ndiye mwenye kulipokea kwa posta. Hiki kisa nshakisoma mara nne. Kwa ufupi...

– Kisome kwanza, akasema Spika. Ufupi baadaye.

Kabla hajaanza, akatokea mtu amebeba kiti kilichong'oka mguu. Mtu wa makamo, shati la kazi la reli, jasho limemlowesha mgongo.

– Hodi wazee. Naitwa Mumo. Nimehamishiwa hapa Mombasa mwezi huu. Nimeambiwa hapa kuna fundi.

– Yupo, akasema Spika bila kuinuka. Weka kiti, keti juu ya lile gogo, unywe kahawa. Kuna kikao.

Mumo akaketi, Gharib akamtilia kikombe, na Muhtasari akasoma. Nawaambieni, nilisikia maneno yangu yakitoka katika kinywa cha mtu mwengine, na moyo ulinienda mbio kama mtoto wa chuoni mbele ya maalimu.

– "Mlangoni pana ndara za kike. Mwenyewe hayupo. Kila asubuhi nikitoka nazikuta zimesogea, pengine kwa paka, pengine kwa upepo, na iliyopinduka naigeuza. Jioni nikirudi nazivuka. Jirani ameniambia niziingize ndani zisije zikaibwa. Nikamwambia, nikiziingiza ndani, akija atavaa nini?"

Kinaendelea kidogo, lakini hapo ndipo moyo wake. Muhtasari akainua macho.

– Masha Allah, akasema Gharib.

– Yuajua kuandika, akasema Spika. Simjui, lakini yuajua. Husikii msumari uliopinda humo.

Niliinama nikanywa kahawa ili wasiuone uso wangu. Nilikuwa nacheka kama bwana harusi.

– Sasa, akasema Muhtasari, daktari huyu asema ndara ni dola. Sikizeni kichwa chake: "Ndara kama Dola: Uwili wa Nyayo na Utupu wa Mamlaka."

– Lo! akasema Winchi. Uwili wa nyayo?

– Ya kulia ni chama tawala, ya kushoto ni upinzani. Zote mbili ziko mlangoni, hakuna hata moja iliyoingia ndani. Na mwenyewe, ambaye hayupo, ni mwananchi. Tulipiga kura mwaka jana, sivyo? Tangu tupige, nani amemuona mwananchi?

– Mimi nilimuona jana Kongowea akinunua vitunguu, akasema Gharib.

– Gharib, tia kahawa.

Nikatoa bahasha yangu, nikaandika nyuma yake: *vyama viwili, mwananchi*. Nikaipenda. Nikajiona niko meza ya mbele, nakohoa kidogo kabla ya kujibu.

– Waandika nini, Prufu? akauliza Spika.

– Hesabu za kazini.

– Haya. Nafasi ni ya Winchi.

– Huyo daktari hajafika bandarini! Winchi akaanza, na njiwa wakaruka kutoka paa la pili. Mlango ni nini? Mlango ni bandari. Wapi kuna mlango mkubwa kuliko Kilindini? Ndara moja ni mali iingiayo, ya pili ni mali itokayo. Na zote zimekaa tu! Kila asubuhi karani aja, azikuta zimesogea, hajui nani kazisogeza. Hii ni ripoti ya forodha, jamani. Mtu huyu alikuwa kazini, akafutwa, akaona aseme kwa mafumbo.

– Na paka?

– Paka! Winchi akapiga goti. Paka twamjua sote pale bandarini, tena ana gari.

Wakacheka mpaka benchi likayumba, na mie upande wangu nikakaribia kumwagikiwa kahawa. Nikaandika: *bandari, paka ana gari*.

– Mmekosea nyote wawili, akasema Spika, na mwenye kukosea zaidi ni yule mwenye kusoma sana. Hii ni habari ya ardhi. Niulizeni mie, nimetia milango nyumba za Majengo miaka thelathini. Nyumba ni yako, kuta zako, makuti yako, na ardhi si yako! Mwenye ardhi yuko wapi? Hayupo. Babu yake aliondoka, hajulikani alikokwenda, na kila mwaka waambiwa yuaja. Sasa tazama kisa: "Mwenyewe hayupo." Amelisema waziwazi! "Akija atavaa nini?" Yaani mwenye ardhi akirudi akakuta tumeshajenga, atasimama wapi?

Hiyo ilinipiga. Kwa dakika nzima niliamini kwamba kweli ndivyo nilivyokusudia. Nikaandika haraka haraka, nikapiga mistari miwili chini yake.

– Lakini ndara ni za kike, akasema Muhtasari.

– Mwenye ardhi hawezi kuwa mwanamke? Mwalimu mzima!

– Naomba nafasi, akasema Gharib.

– Wewe muuza kahawa.

– Muuza kahawa ndiye asikiaye kila benchi. Hapa wanasema ardhi, kule Makadara wangesema ndara ni dini na dunia. Na mie nawaambia paka ni Mreno. Paka huja usiku, husogeza vitu, huenda zake. Na Mreno alifanya nini hapa? Alisogeza vitu, akaenda zake.

– Miaka mia mbili alisogeza!

– Basi ni paka mvivu.

Spika alimpa kipande cha kashata kwa hilo, kutoka katika sahani ya Gharib mwenyewe.

Kutoka hapo hapakuwa na wa kuwashika. Muhtasari akasema mwandishi si mtu mmoja, ni kamati, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kujizuia maneno hivyo. Winchi akasema mwandishi ni profesa aliyekimbilia Ulaya, na jina la Mpitanjia ni la kuwapoteza makachero. Spika akasema Ulaya hakuna ndara mlangoni, kuna baridi, kwa hivyo huyu yuko papa hapa kisiwani, tena ni mtu mkubwa, huenda ni kadhi au hakimu.

– Au amekufa, akasema Winchi. Mimi naona amekufa. Watu wazuri hivi hufa.

Nilikohoa. Nilitaka kusimama niseme, ni mimi, ninyi wajinga, ni mimi Prufu mnayemkalisha upande mbovu! Lakini nikajizuia. Ngoja picha itoke, nikasema moyoni, walione jarida wenyewe, siku hiyo nitakaa katikati.

Ndipo likazuka la rangi.

– Kuna jambo moja laniudhi, akasema Muhtasari. Hakutaja rangi. Mwandishi wa aina hii hasahau. Ameificha.

– Ni kijani, akasema Winchi. Lazima.

– Kwa nini?

– Kijani ni shamba. Spika kasema ardhi.

– Mimi sikusema kijani! Ni nyekundu. Damu ya waliopigania.

– Nyeusi na nyeupe, akasema Muhtasari. Moja nyeusi, moja nyeupe. Ndio uwili.

– Nani huvaa ndara moja nyeusi na moja nyeupe?

– Dola!

Walivutana hapo mpaka vikombe vikapoa. Mimi nilikuwa kimya. Naijua rangi, na sikuona kwamba ina faida yoyote kwa kongamano.

Spika, katikati ya kelele hizo, akanigeukia kwa upole. Ana tabia hiyo, hugombana na wote kisha akaulizia nyumba ya mtu.

– Prufu, bibi Kache hajambo? Mama yake vipi?

– Hajambo. Bado yuamuuguza.

– Mungu amponye. Ni ugonjwa mrefu huo.

– Amin.

Sasa sikilizeni niwaambie ninyi, maana wao sikuwaambia. Mama mkwe wangu alipona tangu mwaka jana. Analima. Nimesikia ana mihogo imesimama hivi. Alipougua, Kache alivaa viatu vya safari kwenda kwao Kaloleni, akaacha ndara mlangoni, akaniambia, "Nenda ukaombe ruhusa kazini, uje Jumapili umuone mama." Jumapili hiyo tulikuwa na kazi ya kuchapa kalenda kiwandani. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu, kusema kweli, hapakuwa na kalenda. Nilikuwa nimeketi naandika. Mkwe wangu akalala kitandani miezi minne, majirani wa Kaloleni wote wakaja kumjulia hali, hata mwenye duka, na mkwewe, mume wa Kache, yaani mimi, hakuonekana mlangoni na hata chungwa moja. Alipopona, Kache akaniletea maneno kwa muuza makaa: "Mwambieni nikitakiwa kwangu, njia aijua." Nikakasirika. Mie si mtu wa kuitwa kwa mtu wa makaa! Nikasema atarudi mwenyewe, ndara zake si ziko hapa? Nikawa kila asubuhi nazigeuza, kila jioni nazivuka, na siku moja zikanitoa machozi, nikakaa nikaziandika. Zilipochapwa nikaona mambo yamekwisha, nimeshasema.

– Basi tukate shauri, akasema Spika. Kabla ya magharibi. Muhtasari ana dola, Winchi ana bandari, mimi nina ardhi...

– Mimi nina Mreno, akasema Gharib.

– Gharib ana Mreno. Prufu hajatoa rai. Prufu, wewe wasoma kila siku, sema. Ndara ni nini?

Nilikuwa nayo tayari. Nyuma ya bahasha nilikuwa nimeyapanga yote, ardhi mbele, dola nyuma yake, bandari katikati, na paka nimemwachia nafasi. Nilikuwa karibu kufungua kinywa nifanye majaribio ya hotuba yangu ya Nairobi.

– Samahani wazee, akasema Mumo.

Tulikuwa tumemsahau. Kikombe chake kilikuwa kitupu, ameshika mguu wa kiti mkononi.

– Mgeni ana nafasi, akasema Spika.

– Mimi sijasoma sana. Nilitaka kuuliza tu. Huyo mama, yuko hai?

– Mama gani?

– Mwenye ndara.

Wakatazamana. Muhtasari akafungua jarida, akapitisha kidole, akafunga.

– Haikusemwa kwamba amekufa, akasema. Imesemwa "akija".

– Basi yuko hai, akasema Mumo. Na huyu bwana ana miguu? Maana asubuhi anatoka, jioni anarudi.

– Ana miguu, akasema Winchi. Hilo liko wazi.

– Sasa mbona hajampelekea?

Spika alifungua mdomo kumpa mtu nafasi, akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona wa kumpa. Winchi akajikuna shingo. Muhtasari akafungua tena zile kurasa sita za daktari, akazipitia mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo.

– Labda... akasema.

– Labda nini?

– Hapana. Sina.

– Mimi ningempelekea, akasema Mumo, kama mtu anayeomba radhi. Mke wangu yuko Kibwezi. Nikipata likizo naenda. Hata kama tumekosana, nampelekea kitu. Hawezi kukaa kwao hana ndara na ndara ziko kwangu.

Gharib aliinamisha dele juu ya kikombe cha Spika, likatoa matone mawili na machicha.

– Kahawa imekwisha, akasema.

Mimi nilikuwa naitazama bahasha. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kila koma mahali pake. Haya ilinipanda kutoka miguuni, wallahi, mpaka masikio yakawa moto. Mwaka na nusu! Daktari wa Nairobi ameziona ndara zile, na mhariri, na kadamnasi ya wasomaji, na benchi zima la Kibokoni. Asiyeziona muda wote huo ni mmoja tu, na yeye ndiye anayezihitaji.

Nikasimama. Benchi likayumba kama kawaida, Winchi akatukana. Nikainama, nikaikunja bahasha na barua yake ndani, mara mbili, mara nne, nikaisukuma chini ya ule mguu mfupi. Nikalijaribu kwa mkono. Likatulia.

– Ebo! akasema Spika. Prufu amekuwa seremala. Wenda wapi? Hujatoa rai yako.

– Kaloleni.

– Saa hizi? Kuna nini?

– Mkwe wangu alikuwa mgonjwa. Sikwenda kumuona.

– Si ndiyo waenda kumuona sasa? Pole yake. Amezidi?

– Amepona tangu mwaka jana.

Wakanitazama kama watu wanaosoma mstari usioingia akilini mara ya kwanza. Nikamshika Mumo bega nipate kupita, maana kiti chake kilikuwa kimeziba njia. Nitapitia nyumbani Majengo kwanza, nikawaza, halafu machungwa. Machungwa mengi. Kache atanitukana, na mama yake atamsaidia kunitukana, nami nitakaa kwenye mkeka nisikilize mpaka wachoke.

Nilikuwa nimefika pembeni mwa karakana Muhtasari aliponiita.

– Prufu! Rai yako ya rangi japo! Kijani au nyekundu?

Nikageuka.

– Ni za samawati, nikasema. Ya kulia ilikatika ukanda, ikatiwa msumari kwa chini. Niliitia mimi.

Winchi alikuwa ameshafungua kinywa kubisha. Akakifunga. Muhtasari alilitazama jarida, akanitazama mimi, akalitazama tena. Mumo peke yake hakushangaa kitu, alikuwa anahangaika na mguu wa kiti chake.

Spika akainuka. Sijapata kumuona akiinuka kabla ya magharibi kwa ajili ya mtu. Akakishika kile kiti kibovu kwa mkono mmoja, akakisogeza ukutani.

– Mpisheni, akasema. Mpisheni apite.